Umeme ndani ya ubongo wawarejeshea wagonjwa wa Parkinson udhibiti wa viungo

ULIMWENGU ulipokuwa ukitazama ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini Atlanta, Marekani, mnamo Julai 1996, aliyejitokeza kuwasha mwenge mkuu alikuwa bingwa wa zamani wa ndondi duniani, Muhammad Ali. Mashabiki waliomkumbuka akimwangusha George Foreman jijini Kinshasa mnamo Oktoba 1974 walipigwa na butwaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitetemeka bila kukoma, mwili umekakamaa na uso hauonyeshi furaha wala huzuni.

Ali alikuwa ameishi na ugonjwa wa Parkinson tangu mwaka wa 1984, madaktari walipomweleza kinachomsumbua akiwa na umri wa miaka 42. Aliaga dunia Juni 2016.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 8.5 kote ulimwenguni walikuwa wakiugua maradhi haya kufikia mwaka wa 2019. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuondoa mwilini. Hata hivyo, katika muda wa zaidi ya miongo mitatu iliyopita, maelfu ya wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimeanza kuwalemea wamepata nafuu kwa njia ambayo hapo awali ingeonekana kama ndoto: kupachikwa nyaya nyembamba katikati ya ubongo na kupitishiwa umeme mchana na usiku.

Njia hiyo hufanyaje kazi? Inamfaa nani, na ina madhara gani? Ili kupata majibu, ni vyema kwanza kufahamu kile ambacho ugonjwa wenyewe huharibu.

Seli zinazokufa kimyakimya

Maradhi haya yalipewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza katika kitabu kidogo alichochapisha mwaka wa 1817. Alieleza hali za watu sita, baadhi yao akiwa amewaona tu wakipita barabarani. Alitaja mtetemo wa mikono inapokuwa imetulia, mgongo unaopinda kuelekea mbele na hatua fupifupi zinazoongeza kasi kana kwamba mgonjwa anakimbilia kuanguka.

Dalili zinazowaongoza madaktari hadi leo hazijabadilika sana. Kuna mtetemo ambao aghalabu huanzia upande mmoja wa mwili. Kuna ukakamavu wa misuli. Muhimu zaidi, kuna upole wa mwendo ambao si uchovu wala uvivu: mgonjwa anataka kuinuka kitini, lakini mwili unachelewa kutii. Mwandiko wake hupungua ukubwa, sauti hufifia na uso hupoteza ishara za hisia, hata jamaa zake wakadhani amewakasirikia.

Chanzo cha dalili hizo kipo katika eneo dogo lililo chini ya ubongo, ambalo huonekana jeusi linapopasuliwa kwa sababu ya rangi iliyomo ndani ya seli zake. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Mtu anapougua Parkinson, seli hizo hufa moja baada ya nyingine kwa muda wa miaka mingi. Ubongo hujitahidi kufidia upungufu huo, kwa hivyo kufikia wakati mkono unapoanza kutetemeka, inakadiriwa kwamba nusu ya seli hizo au zaidi huwa zimekwisha kutoweka.

Ni mtaalamu wa Uswidi, Arvid Carlsson, aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba dopamini ina kazi yake maalumu katika ubongo, utafiti uliomletea Tuzo ya Nobel mwaka wa 2000. Mnamo 1960, Oleh Hornykiewicz na mwenzake jijini Vienna, Austria, walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Parkinson na kugundua kwamba kemikali hiyo ilikuwa imepungua mno.

Breki iliyokwama

Kwa nini ukosefu wa kemikali moja umzuie mtu kunyanyua kikombe cha chai?

Tendo kama hilo huanzia kwenye tabaka la juu la ubongo. Lakini kabla ya amri kuifikia misuli, ubongo hupitisha mashauri yake katika mzunguko wa viini vilivyo ndani kabisa. Kimoja, kiitwacho palidamu, hufanya kazi kama breki. Huituliza thalamasi, kituo ambacho kwa kawaida huchochea tabaka la juu litoe amri ya mwendo. Kiini kingine, chenye umbo la dengu na kisichozidi ukubwa wa punje ya kunde, huitwa kiini cha sabthalamasi. Kazi yake ni kuikanyaga breki hiyo.

Breki si kitu kibaya. Bila breki, kila wazo la mwendo lingekuwa mwendo wenyewe, na mikono na miguu ingerukaruka ovyo. Katika mtu mwenye afya, dopamini husaidia kuamua ni breki gani ilegezwe na ipi ikazwe, ili mkono unaotakiwa uende na ule usiotakiwa utulie.

Dopamini inapokosekana, kiini cha sabthalamasi huchachamaa na kuikanyaga breki kupita kiasi. Mgonjwa hubaki kama dereva anayekanyaga mafuta huku breki ya mkono ikiwa imevutwa. Injini inanguruma, gari haliondoki. Ndiyo maana misuli ya mgonjwa wa Parkinson haijapooza kama ya mtu aliyepatwa na kiharusi. Nguvu zipo, ila ruhusa ya kuzitumia ndiyo inayocheleweshwa.

Uchunguzi wa baadaye umeongeza jambo la pili. Kwa kawaida, seli za viini hivi hutoa ishara zake kila moja kwa wakati wake, mithili ya watu sokoni ambapo kila mmoja anazungumza na muuzaji wake. Dopamini inapopungua, seli nyingi huanza kupiga kwa pamoja, kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde, kana kwamba soko zima limeanza kuimba wimbo mmoja. Katika kelele hiyo ya pamoja, ujumbe mahususi wa kunyanyua mkono au kupiga hatua hupotea.

Dawa na mipaka yake

Dopamini yenyewe haiwezi kumezwa ikasaidia, kwani haivuki ukuta unaoulinda ubongo dhidi ya vitu vilivyomo kwenye damu. Wanasayansi walitatua tatizo hilo kwa kutumia levodopa, malighafi inayovuka ukuta huo na kugeuzwa kuwa dopamini ikishafika ndani. Mnamo 1967, George Cotzias, aliyekuwa akifanya utafiti katika jimbo la New York, alionyesha kwamba wagonjwa waliopewa levodopa kwa mdomo na kuongezewa kipimo hatua kwa hatua waliweza kuinuka na kutembea tena. Siku hizi dawa hiyo huchanganywa na nyingine, kama vile carbidopa, inayoizuia isibadilike kabla ya kufika ubongoni.

Inafaa kutaja kwamba levodopa hupatikana pia katika mbegu za upupu, mmea ambao wakazi wengi wa Afrika Mashariki huufahamu kutokana na mwasho wa vinyweleo vya maganda yake. Wanasayansi wa India waliitambua kemikali hiyo katika mbegu hizo mnamo 1937, na watafiti wamewahi kuzijaribu kwa wagonjwa. Hii si ruhusa ya kujitibu kwa upupu. Kiasi cha dawa hutofautiana kutoka mbegu moja hadi nyingine, na kipimo kisicho sahihi huweza kuleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu na hata kuchanganyikiwa.

Katika miaka ya mwanzo, levodopa huwa faraja kubwa. Matatizo huanza baadaye. Jinsi seli zinavyoendelea kufa, ndivyo ubongo unavyopoteza uwezo wa kuhifadhi dopamini na kuitoa kidogo kidogo. Mgonjwa aliyekuwa akimeza tembe tatu kwa siku hujikuta akihitaji tano, sita au zaidi. Tembe ikiingia damuni, viungo huanza kujinyonganyonga bila hiari yake. Ikiisha nguvu, hukakamaa kama aliyegandishwa. Siku nzima hugawanyika kuwa saa za kuchezacheza na saa za kuganda, na saa njema za katikati huzidi kupungua.

Kwa wagonjwa wa aina hii, si kwamba dawa haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila haitulii. Hapo ndipo umeme unapohitajika.

Ugunduzi wa Grenoble

Wazo la kuutibu mtetemo kwa upasuaji si geni. Tangu katikati ya karne ya 20, madaktari walikuwa wakichoma sehemu ndogo za thalamasi au palidamu ili kuuvunja mzunguko ulioharibika. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, lakini sehemu ikishachomwa haiwezi kurejeshwa. Kosa la milimita chache lingeweza kumwachia mgonjwa ulemavu wa maisha, na kuchoma pande zote mbili za ubongo mara nyingi kuliathiri usemi. Levodopa ilipoenea, upasuaji huo ulipungua sana.

Mnamo 1987, Alim-Louis Benabid, daktari wa upasuaji wa ubongo katika mji wa Grenoble, Ufaransa, alikuwa akimhudumia mgonjwa aliyesumbuliwa na mtetemo. Kama ilivyokuwa desturi, kabla ya kuchoma alipitisha umeme mdogo kwenye ncha ya chombo chake ili kuhakikisha kwamba yuko mahali panapofaa. Aligundua kwamba alipoongeza kasi ya mapigo ya umeme hadi karibu 100 kwa sekunde, mtetemo ulikoma. Alipouzima, ulirejea.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa. Ikiwa umeme ungeweza kuleta matokeo ya kuchoma bila kuua seli, basi matibabu yangeweza kuongezwa, kupunguzwa au kusitishwa kabisa. Benabid na mwenzake, daktari wa neva Pierre Pollak, walianza kuziacha nyaya ndani ya ubongo na kuziunganisha na betri iliyofanana na ile inayotumiwa na wagonjwa wa moyo.

Hata hivyo, umeme wa thalamasi ulituliza mtetemo pekee. Upole wa mwendo na ukakamavu, ambavyo ndivyo vinavyowalemaza wengi zaidi, havikuguswa.

Jibu lilitoka Marekani, kupitia mkasa usiotarajiwa. Mnamo 1982, vijana kadhaa katika jimbo la California walifikishwa hospitalini wakiwa wamekakamaa kama wazee waliougua Parkinson kwa miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba walikuwa wamejidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa kienyeji na kuchafuliwa na sumu iitwayo MPTP, ambayo huua seli za dopamini. Sumu hiyo iliwawezesha wanasayansi kuuchunguza ugonjwa huo kwa wanyama.

Mnamo 1990, Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa tumbili waliokuwa wamepewa sumu hiyo. Walipokiharibu kiini cha sabthalamasi, tumbili waliokuwa wameganda walianza kusogea tena. Ilibainika kwamba kiini hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikikanyaga breki.

Benabid na kikosi chake waliyasoma matokeo hayo na kuhamishia nyaya zao huko. Mnamo 1993 walianza kuwatibu binadamu kwa kukipitishia umeme kiini cha sabthalamasi, na mara hii si mtetemo tu uliotulia, bali pia ukakamavu na upole wa mwendo. Mwaka wa 2014, Benabid na DeLong walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo za heshima kubwa zaidi katika udaktari.

Mgonjwa akiwa macho

Upasuaji wenyewe hutanguliwa na picha za MRI zinazowaonyesha madaktari kiini kilipo, tofauti ya milimita moja ikiwa na uzito. Kichwa cha mgonjwa hufungwa kwenye fremu ya chuma isiyosogea, ambayo hutumika kupimia njia ya kupitishia waya.

Katika hospitali nyingi, sehemu ya kwanza hufanywa mgonjwa akiwa macho. Ngozi ya kichwa hutiwa ganzi na tundu dogo kutobolewa kwenye fuvu. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Chombo chembamba mno huteremshwa polepole kikinasa sauti za seli, na wataalamu waliozoea huweza kutambua wamefika wapi kwa kuzisikiliza tu, kwani kila kiini kina mlio wake.

Kisha umeme huwashwa kwa majaribio. Mgonjwa huambiwa afungue na kufunga kiganja, ahesabu namba au ataje siku za wiki. Daktari hukikunja na kukikunjua kiwiko chake ili kupima ukakamavu. Iwapo mkono unalegea na usemi haujavurugika, waya uko mahali pake. Iwapo mdomo unavutwa upande au mgonjwa anaona vitu viwiliviwili, umeme umevuka mpaka na waya hauna budi kusogezwa. Siku hizi baadhi ya hospitali huwalaza wagonjwa kwa nusukaputi muda wote na kutegemea picha pekee.

Hatimaye mgonjwa hulazwa usingizi kabisa, waya hupitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi kifuani, na kuunganishwa na kifaa chenye betri kinachopachikwa chini ya mtulinga. Hakuna kinachobaki nje ya mwili.

Baada ya majuma machache, daktari hukirekebisha kifaa hicho kwa kompyuta bila kuigusa ngozi. Kwa kawaida hutoa takriban mapigo 130 kwa sekunde, kila pigo likidumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mtetemo huweza kukoma baada ya sekunde chache, ukakamavu ukalegea muda mfupi baadaye, lakini upole wa mwendo huchukua dakika au hata saa kadhaa kupungua. Kupata kipimo kinachomfaa mgonjwa huhitaji ziara nyingi kwa muda wa miezi kadhaa.

Ni vipi hasa umeme huu unavyofanya kazi ni suala ambalo wataalamu bado wanalijadili. Mwanzoni walidhani unakinyamazisha kiini. Sasa wengi wanaamini kwamba mapigo hayo ya haraka huuvunja ule wimbo wa pamoja wa seli, na hivyo kuliwezesha tabaka la juu la ubongo kusikia ujumbe wake tena.

Ushahidi kutoka kwa utafiti

Mamlaka ya Chakula na Dawa nchini Marekani iliidhinisha matumizi ya umeme wa thalamasi dhidi ya mtetemo mnamo 1997, na ule wa kiini cha sabthalamasi na palidamu kwa wagonjwa wa Parkinson mnamo 2002. Kufikia 2019, zaidi ya watu 160,000 duniani walikuwa wamepachikwa vifaa vya aina hii kwa maradhi mbalimbali.

Mnamo 2006, madaktari wa Ujerumani na Austria walichapisha utafiti uliowahusisha wagonjwa 156. Nusu yao walifanyiwa upasuaji na nusu wakaendelea kutumia dawa zilizo bora zaidi. Baada ya miezi sita, ubora wa maisha ya waliopata umeme ulikuwa umeimarika kwa takriban robo, ilhali wale wa dawa pekee walibaki karibu pale pale.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2009 na kuwahusisha wagonjwa 255, ulibaini kwamba waliopasuliwa walipata wastani wa saa 4.6 zaidi kila siku za kuweza kutembea na kufanya shughuli bila usumbufu wa viungo kujinyonganyonga. Waliotumia dawa pekee hawakupata nyongeza yoyote. Kwa mtu ambaye humtegemea mwanawe kumvalisha shati na kumfikisha msalani, saa nne na ushei ni tofauti kubwa.

Mnamo 2013, watafiti wa Ujerumani na Ufaransa walionyesha kwamba hata wagonjwa wa umri wa wastani wa miaka 52, ambao matatizo ya dawa yalikuwa ndiyo kwanza yameanza, walinufaika kuliko wenzao walioachwa kwenye dawa. Aidha, wengi wanaopachikwa umeme kwenye kiini cha sabthalamasi hupunguza kipimo cha dawa kwa kiasi kikubwa, ingawa ni wachache wanaoziacha kabisa.

Si kila mgonjwa afaaye

Pamoja na mafanikio hayo, wataalamu husisitiza kwamba umeme hautibu Parkinson. Seli zinaendelea kufa. Kinachorekebishwa ni hitilafu zinazotokana na kufa kwake.

Zipo kanuni ambazo madaktari huzitumia kuwatabiria wagonjwa. Kwa jumla, dalili inayotulizwa na levodopa ndiyo itakayotulizwa na umeme, isipokuwa mtetemo, ambao huweza kutulia hata pale dawa iliposhindwa. Kinyume chake, mgonjwa ambaye huanguka au husahau hata dawa inapokuwa kwenye kilele chake hatasaidiwa na waya. Usawa wa mwili, umezaji wa chakula na kumbukumbu haviboreki, na usemi huweza hata kuzorota.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa huchunguzwa kwanza na daktari wa neva, daktari wa upasuaji na mtaalamu wa akili. Wanaokataliwa aghalabu ni wenye dalili za kupoteza akili, wenye mfadhaiko mkubwa usiotibiwa, na wale ambao ugonjwa wao si Parkinson halisi bali maradhi yanayofanana nayo na yasiyosikia levodopa.

Hatari nazo zipo. Kati ya kila wagonjwa 100, mmoja au wawili huvuja damu ubongoni, jambo linaloweza kusababisha kiharusi au kifo. Katika utafiti ule wa 2009, mgonjwa mmoja alifariki kwa njia hiyo. Wengine hupata maambukizi yanayolazimu kifaa kuondolewa. Kuna wanaobadilika tabia baada ya upasuaji, wakawa na huzuni, hasira za haraka au furaha isiyo na kadiri. Familia hushauriwa kuripoti mabadiliko hayo mapema, kwani mara nyingi huweza kurekebishwa kwa kubadilisha kipimo cha umeme au cha dawa.

Isitoshe, betri za kawaida huisha baada ya miaka michache na kuhitaji upasuaji mwingine mdogo wa kuzibadilisha. Zile zinazochajiwa hudumu zaidi, lakini mgonjwa sharti akumbuke kuzichaji. Betri ikizimika ghafla kwa mtu aliyeishi na umeme kwa miaka mingi, anaweza kukakamaa kiasi cha kuhatarisha maisha.

Hatua ya karibuni ni kifaa kinachosikiliza kabla ya kuzungumza. Badala ya kutoa umeme wa kiwango kile kile saa zote, hupima ule mpigo wa pamoja wa seli na kuongeza au kupunguza nguvu kulingana na hali ilivyo. Mamlaka ya Marekani iliidhinisha mtindo huo mnamo Februari 2025.

Pengo la Afrika Mashariki

Kwa familia nyingi za eneo hili, mjadala wa betri na nyaya uko mbali. Kizingiti cha kwanza ni kuutambua ugonjwa wenyewe.

Watafiti waliotembea nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, iliyokuwa na wakazi 161,071, walichapisha matokeo yao mwaka wa 2008. Waliwapata watu 33 wenye Parkinson. Asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mhudumu yeyote wa afya kwamba wanaugua maradhi hayo, na hivyo hawakuwa wakipata dawa.

Katika mahojiano yaliyofuata, wagonjwa na jamaa zao walisimulia jinsi walivyoyaita maradhi hayo ugonjwa wa kutetemeka tu. Wengi walidhani ni uzee. Wengine walishuku uchawi, na kuna waliozunguka kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine kabla ya kufika hospitalini.

Levodopa imo katika orodha ya WHO ya dawa za lazima, ila shirika hilo linakiri kwamba katika mataifa mengi ya kipato cha chini na cha kati haipatikani kwa urahisi au bei yake haimudiki. Gharama ya kupachikwa kifaa cha umeme, ambayo nchini Marekani hufikia makumi ya maelfu ya dola, inauweka upasuaji huo mbali zaidi na mwananchi wa kawaida. Hata akipata mfadhili wa kumpeleka ng'ambo, bado atahitaji daktari wa karibu atakayekirekebisha kifaa na kubadilisha betri kwa maisha yake yote.

Licha ya hayo, yapo yanayowezekana bila mashine yoyote. Madaktari huwashauri watu wasipuuze mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, bega linalokakamaa bila sababu, mwandiko unaodidimia au mzee ambaye mkono wake mmoja umeacha kupunga anapotembea. Zipo dawa, zikiwemo baadhi ya zile za kutuliza maradhi ya akili, ambazo huleta dalili zinazofanana na Parkinson na ambazo zikisimamishwa na daktari hali huimarika. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia viungo, na levodopa ikimezwa kwa saa zilizopangwa humwezesha mgonjwa kuendelea na shughuli zake kwa miaka mingi.

Muhimu kuliko yote, jamaa wanapofahamu kwamba uso usiotabasamu si chuki, na kwamba kuchelewa kuinuka si ukaidi, mgonjwa huacha kulaumiwa kwa kosa asilolitenda, na safari ya kwenda kwa daktari huanza mapema zaidi.